Kilichongwa na Nani?

Mimi nina dukuduku moyoni, na nisipolitoa kwenye jarida hili la chama chetu sijui nitalitoa wapi. Dukuduku lenyewe ni hili: sisi watu wa Gusii tunachonga, tunachora, tunasuka, tunatunga, halafu tunanyamaza. Jina hatuandiki. Mwaka hatuandiki. Daftari hatuna. Baadaye tunashangaa kusikia ati kazi fulani nzuri ilifanywa na "Mkisii mmoja hivi".

Wahenga walinena, Mgala muue na haki umpe. Sisi Mgala hatujamuua, lakini haki yake hatumpi ng'o!

Nitaanza na kisa cha nyumbani kwetu, maana hicho ndicho kilichonifanya nishike kalamu. Kwao mama ni Tabaka, Mugirango Kusini. Kutoka hapa Nyakoe unapanda matatu hadi Kisii mjini, unabadilisha gari, na ukikaribia kufika unajua umefika kwa sababu vumbi linageuka kuwa jeupe kama unga. Liko kwenye majani ya migomba, kwenye nywele za watoto, hadi kwenye chai. Huko jiwe linachimbwa kwenye machimbo, linabebwa hadi vibandani, linakatwa kwa msumeno na panga, linachongwa kwa tindo na kisu, linasuguliwa kwa msasa na maji, kisha linapakwa nta liwe linang'aa. Kiboko, bakuli, sahani, sataranji, mtu aliyejiinamia akiwaza, yote yanatoka humo. Hakuna aliyesoma darasani kwetu ambaye hajawahi kuona kitu cha Tabaka, hata kama ni kile kibweta cha chaki cha mwalimu wetu.

Basi, sebuleni mwa nyanya kuna sanamu ya mwanamke anayesaga wimbi. Urefu wake ni kama kutoka kiwiko hadi ncha ya vidole. Amepiga magoti, mgongo umepinda, mikono imeshika jiwe la kusagia, na uso umegeuka kidogo kana kwamba mtoto amelia nyuma yake. Tangu nikiwa mdogo niliambiwa kwamba ni kazi ya babu. Babu ameshatangulia mbele ya haki.

Siku moja likizoni alikuja mgeni ambaye alikuwa akitafuta michongo ya zamani ili aiandike na kuipiga picha. Alipoiona ile sanamu alisimama tuli. Akauliza maswali mawili tu: nani aliichonga, na mwaka gani? Mjomba akajibu haraka, "Ni baba." Kabla mgeni hajaandika, binamu zetu wa boma la pili, waliokuwa wamekuja kuangalia gari lake, wakasema la hasha, ni baba yao aliyeichonga, na babu aliazimwa tu. Jamani! Maneno yalizuka pale hadi chai ikapoa. Mjomba aliigeuza sanamu juu chini akitafuta alama. Chini palikuwa laini kama shavu la mtoto.

Nyanya alikuwa amenyamaza muda wote huo, akichambua mboga. Mwishowe akasema ndugu wale wawili walikuwa na kibanda kimoja. Babu ndiye aliyetoa uso na mgongo. Ndugu yake, ambaye mkono wake ulikuwa mwepesi zaidi, ndiye aliyetoa vidole na jiwe la kusagia. "Na aliyesugua ni mimi," akasema, "siku nne." Mwaka je? "Mama yako alikuwa akitambaa."

Mama alizaliwa mwishoni mwa 1978. Kwa hivyo sanamu ile ni ya 1979. Lakini hesabu hiyo niliifanya mimi usiku, kitandani. Mgeni alikuwa ameshaondoka, na kwenye karatasi yake nilimwona akiandika maneno matatu: Kisii, mchongaji hajulikani. Na mjomba na binamu zake hadi leo wanasalimiana kwa vidole viwili tu.

Sasa angalieni. Watu watatu waliifanya kazi ile, na wote watatu walijulikana kwa jina na kwa sura. Mmoja wao alikuwa hai, ameketi hatua tano kutoka kwa aliyeuliza. Bado wameandikwa "hajulikani". Kosa si la mgeni peke yake. Msumari mmoja na dakika tano za mwaka 1979 zingetosha.

Nilimuuliza mjomba kwa nini yeye naye haandiki jina lake, ilhali amechonga tangu akiwa kijana. Alicheka kwanza. Akasema mfanyabiashara akiagiza viboko mia tatu anataka viboko mia tatu vinavyofanana, na anataka chini pabaki patupu ili abandike kibandiko chake. Ukiandika jina, wengine watarudisha mzigo. Isitoshe, kiboko hicho si chake. Umbo lile linachongwa na nusu ya Tabaka, na yeye mwenyewe alifunzwa kwa kuangalia. Sasa akiandika jina lake si ataonekana anajigamba, ati yeye ndiye aliyevumbua kiboko?

Nakubali kwamba mjomba ana hoja. Kiboko cha kuagizwa ni mkate wa nyumbani, na sitaki mtu alale njaa kwa sababu ya maoni ya mwanafunzi wa Kidato cha Tatu. Lakini mjomba huyo huyo, akimaliza viboko vya watu, huwa anabaki jioni akichonga vitu vyake mwenyewe ambavyo hakuna aliyeviagiza. Mwaka juzi alichonga kuku wa ajabu anayefunika vifaranga vyake, na kila kifaranga anatazama upande wake. Kuku huyo hafanani na wa mtu mwingine yeyote. Naye pia aliuzwa bila jina! Hapo ndipo mimi na mjomba tunaachana njia.

Mbona wengine wa Tabaka hiyo hiyo wameweza? Elkana Ong'esa ni mzaliwa wa huko, na jiwe lake ni lile lile la vumbi jeupe. Sanamu yake ya Ndege wa Amani iko kwenye makao makuu ya UNESCO jijini Paris, na hakuna anayeandika kwamba mchongaji hajulikani. Najua mtasema yeye ni bingwa. Ni kweli. Lakini hata bingwa angeweza kupotea kama kazi yake isingefungamanishwa na jina lake tangu mapema.

Suala la kujigamba nalo limenisumbua, kwa sababu malezi yetu hayapendi mtu anayejipigia tarumbeta. Lakini hebu tutazame Kiswahili chenyewe, maana hiki ni chama cha Kiswahili. Mwana Kupona binti Mshamu, aliyekuwa mke wa Bwana Mataka wa Siyu, alimtungia binti yake utenzi wa mawaidha ambao tunausikia kila mara darasani. Huyo mama alikuwa mnyenyekevu kweli kweli. Hata hivyo mwishoni mwa utenzi wake kuna mwaka, 1275 wa Hijria, yaani 1858, na kuna hesabu ya beti. Kuhesabu beti si majivuno, ni kufunga mlango. Mtu akiongeza ubeti wake wa kubuni, au akidondosha mmoja wakati wa kunakili, hesabu itamuumbua. Washairi wengi wa pwani walikuwa na desturi hiyo ya kujitaja na kutaja tarehe mwishoni. Kwa hivyo asiniambie mtu kwamba kutia sahihi ni mambo ya Wazungu.

Linganisheni na Muyaka bin Haji wa Mombasa. Huyu alitunga mashairi ya kujibizana, ya vita, ya mapenzi, ya soko. Alifariki yapata 1840. Mashairi yake mengi yalibaki vinywani mwa watu, hadi mwishoni mwa karne hiyo Mwalimu Sikujua bin Abdallah alipomsaidia mmishonari William Taylor kuyakusanya. Kitabu chenyewe, Diwani ya Muyaka, kilitoka 1940, miaka mia moja baada ya mwenyewe kwenda! Bahati yetu kwamba Sikujua alikuwapo. Lakini shairi gani lilitangulia lipi, na lilimlenga nani, wataalamu wanabaki kubahatisha kwa kutazama vita vilivyotajwa ndani yake. Na wimbo wa "Malaika" je, ambao hata watoto wa chekechea wanaujua? Fadhili William aliurekodi na kuusambaza, Adam Salim wa Tanzania akadai aliutunga 1945, na ubishi ukaendelea hadi wenyewe wakaondoka duniani. Wimbo unaoimbwa dunia nzima, na bado watu wanaulizana ni wa nani.

Lakini msidhani kwamba nikishaandika jina nimemaliza. Hapo ndipo mambo yanapokuwa na utamu.

Mnamfahamu Edward Saidi Tingatinga? Ndiye yule ambaye jina lake limekuwa jina la mtindo mzima wa kuchora, wale wanyama wenye macho makubwa na rangi za kung'aa. Alitoka kusini mwa Tanzania, akaanza kuchora Dar es Salaam mnamo 1968, kwenye vipande vya ubao mwembamba wa dari, kwa rangi ya mafuta ya madukani. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Alichora kwa miaka minne hivi tu. Sasa fikirini wenyewe: msanii ana miaka minne ya kazi, amekufa, na picha zake zinatafutwa na watu wenye fedha. Kilichofuata mnakijua. Picha zenye jina lake ziliendelea kuonekana, ilhali mkono wake ulikuwa umeshalala. Jina analo, lakini jina linaweza kuigwa na yeyote mwenye brashi.

Mwaka nao unaweza kudanganya. Giorgio de Chirico, mchoraji wa Italia, alipata sifa kwa picha alizochora akiwa kijana kabla na wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Alipozeeka, watu wakawa wanazitaka zile za ujana tu. Basi akawa anachora nakala mpya na kuziandika miaka ya zamani! Mwenye kazi mwenyewe, kwa mkono wake mwenyewe, anaidanganya kazi yake. Nilipoyasoma haya nilicheka peke yangu maktabani hadi nikaonywa.

Kwa hivyo jina na tarehe juu ya kazi ni nusu ya shughuli. Nusu nyingine ni daftari. Na hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu ndilo lililonileta.

Katika karne ya 17 kule Roma kulikuwa na mchoraji wa mandhari aitwaye Claude Lorrain. Waigaji walimchosha. Akafanya nini? Alianzisha kitabu, na kila alipomaliza picha alichora nakala yake ndogo humo, na nyuma ya michoro mingi akaandika aliyenunua au mahali picha ilipokwenda. Kitabu hicho kinajulikana kama Kitabu cha Ukweli, kina michoro karibu 200, na leo kinahifadhiwa katika jumba la makumbusho la British Museum, London. Mtu akija na picha ya bandia anaulizwa tu: humu kitabuni iko wapi?

Tusiende mbali hivyo. Hapa Kenya, Changamwe, Mombasa, chama cha ushirika cha wachongaji Wakamba kimempa kila mwanachama nambari yake, na nambari hiyo huandikwa kwenye kinyago. Kinyago kikiuzwa, karani anaangalia nambari, na fedha zinamfikia mwenyewe. Hakuna anayeita hiyo kujigamba. Ni hesabu tu, kama nambari yako ya mtihani. Ingawa mimi kwa upande wangu nambari pekee haijaniridhisha. Nambari inamjua karani. Mjukuu wako haijui.

Basi mjomba na mimi tulikaa jioni nzima tukapanga jinsi ya kufanya, na ninawaandikia yale tuliyokubaliana, pamoja na yale tuliyobishania. Jina liandikwe kamili. Herufi mbili hazitoshi hapa kwetu, kwani ukiita "J.O." sokoni Nyakoe siku ya soko, watu kumi watageuka na wawili watakuja kukudai. Liandikwe chini ya kitako, kwa ncha ya tindo, kabla ya msasa wa mwisho na kabla ya nta. Jiwe letu ni laini mno; ukiparuza kwa msumari juu juu, miaka michache ya kusuguliwa mezani italifuta, kwa hivyo likatwe kwa kina. Kalamu ya wino usiiguse kabisa. Mwaka uwe ule wa kumaliza. Kwa viboko vya kuagizwa, mjomba alishikilia kwamba hataandika kitu, nami nikamwachia, lakini alikubali kuandika daftarini: viboko 300, mwezi fulani, vya nani, kwa bei gani.

Palipotushinda ni pale kwa wanaosugua. Tabaka, anayekata na kuchonga aghalabu ni mwanamume, na wanaosugua na kung'arisha wengi wao ni wanawake na watoto. Nikamwambia mjomba majina yote yaingie. Akasema msasa si sanaa, ni kazi. Nikamkumbusha siku nne za nyanya. Akanyamaza, akasema, "Kwenye daftari, sawa. Kwenye jiwe, hapana." Mimi bado sijaridhika. Ile sanamu ya msagaji isingekuwa na ule mng'ao mgongoni, sidhani mgeni angesimama tuli vile. Walimu wetu wa sanaa, ninyi mnasemaje?

Kuna na sheria. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inampa msanii haki ya kutambuliwa kuwa ndiye mwenye kazi, na hakimiliki ya mchongo inadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Tena marekebisho ya 2019 yaliongeza jambo ambalo wengi hawalijui: kazi ya sanaa ikiuzwa tena kupitia mnada au nyumba ya sanaa, msanii anastahili asilimia 5 ya bei hiyo. Tuseme yule kuku wa mjomba auzwe tena siku moja kwa shilingi 200,000. Hiyo ni shilingi 10,000, karo ya mtu hiyo! Lakini ataidai vipi? Ataenda aseme, "Ni mimi, niulizeni kijijini"? Binamu zake nao si watakuja?

Labda mtu atasema hayo ni ya wakubwa, sisi wanafunzi yanatuhusu nini. Vuteni toleo la mwaka jana la jarida hili hili. Picha ya jaladani, ile ya mama na kikapu cha ndizi, ni nzuri ajabu. Imechorwa na nani? Fungueni kurasa zote, hamtaona. Ukurasa wa mashairi kuna shairi la beti saba lenye vina vilivyotulia, na chini yake pameandikwa "Mwanachama". Mwanachama yupi? Tulikuwa wanachama arubaini na kitu! Niliuliza huku na huku nikaambiwa aliyechora alikuwa Kidato cha Nne, amemaliza, na simu yake haipatikani. Mimi mwenyewe nilikuwa kwenye kamati iliyopanga kurasa zile, kwa hivyo kidole ninachowanyoshea ninyi, vitatu vinanirudia mimi. Tulikuwa na haraka ya kupeleka kazi kwa mpiga chapa, basi.

Kuna ile habari ya Michelangelo ambayo Vasari aliisimulia. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu alipochonga Maria akimpakata Yesu aliyekufa, kule Roma. Siku moja akasikia wageni wakiisifu sanamu ile na kusema ni ya mchongaji mwingine kutoka Milano. Hakubishana nao. Usiku alijifungia ndani na taa na tindo zake, akachonga jina lake kwenye mkanda uliopita kifuani mwa Maria. Jina liko hapo hadi leo, na ndiyo kazi pekee aliyoitia sahihi. Kama habari hiyo ni kweli tupu au imetiwa chumvi, jina lenyewe lipo na linasomeka. Yeye aliwahi kwa sababu alikuwa bado hai na alikuwa karibu. Babu hakuwahi.

Katika mkutano wa chama wa muhula uliopita nilipendekeza tuwe na daftari la kazi za wanachama, na pendekezo likapita, ingawa wawili walilala na mmoja alipinga kwa sababu ya kupinga tu. Ni daftari kubwa la kurasa 200 lenye jalada jekundu. Kila ukurasa una mistari ya jina kamili la aliyefanya kazi, waliomsaidia na walichosaidia, aina ya kazi, vipimo kama ni mchongo au picha, idadi ya beti kama ni shairi, siku ilipokamilika, na mahali ilipo au ilikopelekwa. Kama kuna picha ndogo ibandikwe. Nambari ya ukurasa ndiyo nambari ya kazi, nayo iandikwe nyuma ya kazi yenyewe pamoja na jina.

Ukurasa wa kwanza nimeutumia mimi, kwa ruhusa ya mwenyekiti, ingawa kazi si ya mwanachama. Nimeandika: mwanamke anayesaga wimbi, jiwe la Kisii, Tabaka, 1979. Uso na mgongo, babu. Mikono na jiwe la kusagia, ndugu yake. Kusugua, nyanya, siku nne. Majina yao kamili yamo humo. Nyanya alinitajia ya wote watatu, la kwake akalitaja mwisho. Mjomba na mmoja wa binamu zake wametia sahihi chini, kila mmoja kwa siku yake.

Daftari linakaa kwa katibu wa chama. Anapatikana maktabani kila Jumatano baada ya michezo. Aliyechora mama na kikapu cha ndizi, kama unasoma haya huko uliko, ukurasa wa pili tumekuachia.